Sumaku ya Ijumaa

Kasulu, Ijumaa, 6 Februari 2015

Ninaandika kwa sababu katika nyumba hii sina mtu wa kubishana naye. Baba alifariki tarehe ishirini ya mwezi uliopita. Tangu hapo mimi, Twalibu, mhitimu wa uhandisi wa elektroniki, ninauza misumari na bati katika duka lake na kutazama mvua ikiteremka kutoka vilima vya Heru Juu. Dada yangu Shadia anapika na kumhudumia Mama. Mama yuko edani: amekaa chumba cha ndani kwa mavazi meupe, hatoki, hasafiri, hajipambi, mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo, siku hiyo ni 28 Mei.

Mama ana kifaa kifuani. Aliwekewa Dar es Salaam mwaka 2007, baada ya kuzimia mara tatu nyumbani kwa kaka yake, Mjomba Omary. Ni kijisanduku cha chuma kilichofukiwa chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, na waya wake unashuka mpaka ndani ya moyo. Moyo ukichelewa kupiga, kifaa kinaukumbusha kwa umeme mdogo sana. Majirani hukiita “betri ya moyo”. Nimechoka kuwasahihisha. Betri ni sehemu moja tu ya kifaa, ingawa ndiyo sehemu inayokufa.

Baba ndiye aliyekuwa akimpeleka kupimwa, na mara ya mwisho ilikuwa 2011. Nimekipata kijitabu cha kifaa kabatini mwake, kati ya hati za kiwanja. Kinasema kwamba sumaku ikiwekwa juu ya kifaa, moyo hupigishwa kwa kasi maalumu inayotangaza hali ya betri. Mapigo mia moja kwa dakika, betri ni nzima. Tisini, umebaki kama mwaka mmoja. Themanini na tano, kibadilishwe ndani ya miezi mitatu. Nimependa ustaarabu huo: chombo kinachosema ukweli wake kwa nambari, bila kuzunguka.

Sumaku nimeipata kwa Eugène, fundi redio, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu anayekuja mjini kwa kibali kutafuta vipuri. Ameing’oa katika spika iliyopasuka. Alipojua ni ya nini, alinitazama juu ya miwani yake.

“Ingénieur, unaenda kupima mama sawa redio?”

Nikamjibu kwamba kanuni ni ileile.

“Kanuni iko moja,” akasema, “lakini redio haikukuzala.”

Baada ya sala ya adhuhuri niliweka sumaku, nikashika kifundo cha mkono wa Mama, nikahesabu dakika nzima. Tisini.


Ijumaa, 13 Februari

Tisini. Mvua siku nzima. Nimeuza kufuli mbili.


Jumanne, 17 Februari

Barua niliyoandikia kampuni moja ya simu haijajibiwa. Wenzangu wa darasani wako Dar, Arusha, mmoja yuko Seoul. Mimi mteja amenifundisha leo tofauti ya msumari wa bati na msumari wa mbao, akidhani siijui.


Ijumaa, 20 Februari

Tisini. Mama ameniuliza sumaku inaona nini. Nimeanza kumweleza, akasinzia.


Jumamosi, 28 Februari

Leo ilikuwa arobaini ya Baba. Wanaume walikaa barazani chini ya turubai, wanawake ndani, pazia likiwa limeshushwa mlangoni. Sheikh Khamisi alisoma dua, pilau ikaliwa, na mazungumzo yakageukia afya ya Mama. Mwalimu Harerimana, mstaafu aliyenifundisha hesabu shule ya msingi, akauliza kama ni kweli kwamba betri ya mjane wa marehemu inakaribia kwisha.

Nilikuwa nimenyamaza siku arobaini. Pengine ndiyo maana nilisema mengi.

Niliwaeleza kwamba ni aibu ya uhandisi wa zama zetu kuufungia moyo kopo la umeme kutoka kiwandani, wakati moyo wenyewe ni mtambo usiolala. Kifaa kinatumia nguvu ndogo mno, kiasi cha sehemu moja ya laki moja ya kazi ambayo moyo unaifanya. Niliwaeleza habari niliyoisoma mwaka jana, ya watafiti waliobandika utando mwembamba juu ya mioyo ya ng’ombe na kondoo walio hai. Kila moyo ulipojikunja, utando ulijikunja nao na kutoa umeme wa kutosha kifaa kama hiki. Niliwatajia saa zinazojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, na wataalamu wanaotaka kuchuma umeme kutoka sukari ya damu. Nikasema mtu wa kesho hatapasuliwa kila baada ya miaka minane kama tochi inayobadilishwa mawe. Atatembea, atakula, atapumua, na kifaa chake kitakula pamoja naye.

Mwalimu Harerimana akatabasamu kwa namna yake ya ubaoni. Akasema moyo wa Mama unahitaji kusukumwa; sasa moyo unaosukumwa utamlipaje anayeusukuma? Si sawa na mtu kujinyanyua kwa kuvuta nywele zake?

Hoja ilikuwa nzuri, nami niliivunja. Nilisema misuli ya moyo wa Mama ni mizima kabisa na inalishwa na chakula. Kilichopungua ni ile ishara ndogo ya kuanzia, na thamani ya ishara hiyo ni chembe tu ya nguvu za misuli. Mwenye gari zima anakosa cheche, hakosi petroli. Watu wakacheka. Mwalimu akainua mikono. Mtu mmoja akauliza kitu hicho kitakuja lini, nami nikajibu, “Kimekwisha kuja. Kilichobaki ni kukifikisha.”

Nimeridhika. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, nilikuwa mahali ninapostahili.


Jumapili, 1 Machi

Shadia ananiambia kwamba jana, nyuma ya pazia, wanawake walinyamaza wote kunisikiliza. Mama aliwaambia kwamba hatapasuliwa tena, kwa kuwa mwanawe amekwisha kusema. Jirani yetu Pelagia, ambaye huja kukaa na Mama ingawa yeye ni Mkatoliki, amekwisha kuipeleka habari hiyo sokoni.

Nilifurahi. Sentensi hiyo ya Mama nimeiacha kama ilivyo, sikumsahihisha.


Ijumaa, 6 Machi

Tisini.


Ijumaa, 13 Machi

Tisini. Barabara ya Kibondo imekatika. Lori la saruji halijafika. Duka lina rafu tatu tupu na mimi.


Ijumaa, 20 Machi

Tisini. Nilihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mteja aliita.


Ijumaa, 27 Machi

Themanini na tano.

Nilihesabu tena. Nikamwita Shadia, nikampa saa, nikamwambia ahesabu yeye bila kumtajia nambari yangu. Themanini na tano. Nilitoa sumaku, nikangoja, nikairudisha. Themanini na tano. Mama alinitazama muda wote huo, mkono wake mkononi mwangu, kama mtu anayesubiri kinyozi amalize.

Nilimpigia Mjomba Omary. Akapiga simu hospitali, akanirudia jioni: tumpeleke, kitanda kitapatikana, gharama ataibeba yeye. Nikaenda kwa Mama na habari hiyo kama ninayempelekea maji ya kunywa.

Alisema haendi.

Nilimweleza maana ya nambari. Nilimweleza kwamba miezi mitatu inaishia mwisho wa Juni na kwamba safari yenyewe inaweza kula wiki katika masika haya. Akasema yuko edani. Nikasema basi twende siku ileile eda inapokwisha. Akasema hata hapo haendi, akageukia ukutani. Shadia akanivuta nje.

Naona sasa nilipofungiwa. Mama anakufa polepole kwa sababu ya desturi, na mlinzi wa mlango wa desturi ni Sheikh Khamisi. Nitajiandaa. Nimeazima vitabu vitatu vya sheria za dini, na wiki hii nitavisoma kama nilivyosoma kwa ajili ya mtihani wa mwisho.


Jumatano, 1 Aprili

Nimepata hoja saba. Nimezipanga kuanzia dhaifu hadi kali.


Alhamisi, 2 Aprili

Nilimkuta Sheikh Khamisi kwake, akikoroga rangi ya kupaka madirisha ya madrasa. Nilikaa, nikaanza na hoja ya kwanza. Aliendelea kukoroga. Nilipofika katikati ya hoja ya pili akaweka kijiti chini.

“Twalibu, mjane akiwa mgonjwa hutibiwa. Ikiwa dawa iko Dar es Salaam, ataifuata Dar es Salaam, na eda yake ataikamilisha hukohuko. Nilimwambia mama yako hivyo wiki ya kwanza. Hakunipinga.”

Nilibaki na hoja tano mkononi. Nikamuuliza, kama ndivyo, ni nini kinachomzuia.

Alifuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akasema alikuwapo kwenye arobaini. Alinisikiliza kwa makini na alivutiwa, kwa kuwa yeye si mtu wa kuogopa elimu. Kisha akaniuliza kama kile kitu nilichosema kimekwisha kuja kinapatikana wapi, maana naye angependa kumshauri mama yangu akifuate.

Nikajibu kwamba bado kiko kwenye majaribio.

“Kwa watu?”

“Kwa wanyama.”

“Ahaa,” akasema, akarudi kwenye rangi yake.


Ijumaa, 3 Aprili

85.

Nilimwambia Mama, tukiwa wawili tu, kwamba siku ya arobaini nilitangulia mbele ya ukweli. Nilichagua maneno hayo kwa uangalifu. Akanipapasa shavu. Akasema ninaogopa kwa ajili yake ndiyo maana sasa ninasema vingine, na kwamba mbele ya watu wazima waliosoma nilisema wazi, Mwalimu akashindwa, kila mtu akasikia. Mtu hawezi kumshinda Mwalimu Harerimana kwa uongo.

Nimejenga hoja imara kiasi kwamba mimi mwenyewe siwezi kuibomoa nikiwa chumbani.


Ijumaa, 10 Aprili

85. Najua ninachotakiwa kufanya. Nimefungua duka saa mbili, nimefunga saa kumi na moja.


Jumanne, 14 Aprili

Pelagia amepita dukani. Akaniambia mjomba wake wa Muyama ana moyo mbaya na anataka kujua foleni ya kile kifaa changu inaandikishwa kwa nani. Nikamwambia nitamjulisha. Huyo ndiye mwanamume niliye.


Ijumaa, 17 Aprili

85. Mama anachoka akisimama kuswali. Sasa anaswali ameketi. Kijitabu kinasema kwamba betri ikizidi kupungua, kifaa huacha baadhi ya kazi zake ili kiokoe zile za lazima. Kinajibana, na yeye anajibana nacho.


Jumamosi, 18 Aprili

Eugène alikuja kutafuta risasi ya kuchomelea. Mvua ikamzuia dukani zaidi ya saa mbili. Nilimweleza yote, kwa kuwa yeye si wa mji huu na hukumu yake haitapita sokoni. Nilitarajia anicheke.

Akaniambia habari zake. Aliingia Nyarugusu akitokea upande wa Baraka, kwao Kongo, mwaka 2002, na mwaka wa pili waliambiwa orodha ya kwenda Amerika inakuja. Kila mwaka orodha ilikuwa inakuja, na waliosema hawakuwa waongo. Majirani zake wengine wamekwisha kwenda. Kwa hiyo hakufyatua matofali. Kwa nini ajenge nyumba mahali anapoondoka? Mke wake Nsimire ameishi miaka kumi na tatu chini ya turubai linalovuja, na kifua chake sasa kinalia usiku kucha.

“Hakuna mwenye alinidanganya,” alisema. “Ile kitu iko kweli. Lakini mi nilingojea kitu ya kweli, bibi yangu akalala mu maji. Ungenipatia muongo, ingekuwa afadhali. Muongo mutu anamuchoka mbio.”

Mvua ilipopungua alifunga risasi yake kwenye nailoni, akatazama saa ya mwisho ya kibali chake, akaenda.

Nimekaa na maneno hayo. Nimesoma juu ya Mtaliano aliyechezesha mguu wa chura mfu kwa umeme, na juu ya waliomwona wakadhani kifo kimekwisha kushindwa. Kila mara niliwacheka hao watazamaji. Sikuwahi kujiuliza kama kati yao alikuwapo mtu aliyeacha kwenda kwa tabibu.


Jumatano, 22 Aprili

Mama ameanguka.

Alikuwa akienda msalani na Shadia nyuma yake. Shadia anasema alisimama, akasema “ngoja”, kana kwamba kuna mtu amemwita, kisha magoti yakamwachia. Nilikimbia kutoka dukani nikaacha milango wazi. Macho yake yalikuwa yamefunguka lakini hayakuwa yakitazama kitu. Nikashika kifundo cha mkono. Nilihesabu pigo moja, kisha nafasi ndefu ambamo niliweza kusikia maji yakidondoka kutoka bati la jikoni, kisha jingine. Kisha yakaanza kufuatana, dhaifu, kama mtu anayepanda mlima wa Kasanda na mzigo.

Tulimwita Theodosia, tabibu wa zahanati ya jirani. Alikuja na gumbuti zake zimejaa tope, akampima shinikizo la damu, akamsikiliza kifua, akauliza maswali mafupi. Nilianza kumweleza muundo wa kifaa, aina ya betri, kasi ya sumaku. Aliinua kiganja.

“Ndugu yangu, hayo uyaache. Mimi hapa nina panadoli na dripu. Hiki kitu kinabadilishwa Dar. Mnangoja nini?”

Shadia alinitazama. Mama alifumba macho na kujibu yeye, kwa sauti ndogo iliyo wazi kabisa, kwamba tunangoja kile kifaa cha Twalibu.

Theodosia alinigeukia kwa heshima, akidhani ninacho.


Alhamisi, 23 Aprili

Wanawake wamekuja kusoma Yasini kama kila Alhamisi. Nilisimama ukumbini. Nilikwenda mpaka kwenye pazia. Nikarudi dukani.


Ijumaa, 24 Aprili

85, lakini mkono ni baridi. Shadia hasemi nami.


Jumatatu, 27 Aprili

Redio inasema Bujumbura kuna maandamano na watu wameanza kuvuka mpaka. Mabasi yatakuwa adimu. Kila kitu kinasogea isipokuwa nyumba hii. Nimehesabu kutoka kitanda cha Mama hadi pazia la ukumbini: hatua tisa. Ndilo eneo lote la dunia yake, na mimi, mwenye miguu, sina zaidi.


Alhamisi, 30 Aprili

Nimefanya.

Asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu Harerimana, nikamwomba afike nyumbani saa kumi. Nilikwenda kwa Sheikh Khamisi, nikamwomba vivyo hivyo. Hawakuuliza kitu. Wakakaa barazani na baadhi ya majirani, na ndani wanawake walikuwa wamemaliza kusoma. Nikasimama ukumbini, kwenye pazia lilelile, uso kwa kitambaa, ili pande zote mbili zinisikie. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi juu ya historia ya uvumbuzi. Nilipofungua kinywa, utangulizi wote ulinitoka.

Nikasema kwamba siku ya arobaini nilidai kifaa kinachojilisha kwa mwendo wa moyo kimekwisha kuja, na kwamba hakijaja. Hakuna mtu mgonjwa yeyote anayetibiwa nacho. Nilisema vile ili nimshinde Mwalimu.

Sauti ya Pelagia ikapasua pazia:

“Sasa mhandisi, na sisi tuliokwisha kutangaza mpaka Nyakitonto, tutasema nini?”

Mtu akacheka, akajizuia. Nikamwambia aseme kwamba Twalibu alijisifu. Akasema hilo halitawashangaza, na hapo wakacheka wengi, hata Mwalimu. Nilisimama humo ndani ya kicheko, masikio yakiniwaka, na ajabu ni kwamba sikutafuta neno la kuwajibu.

Kisha Mama akazungumza.

“Twalibu baba, hicho kitu kipo au hakipo?”

“Kipo kwa ng’ombe na kondoo, Mama.”

“Na kwa watu kitakuja?”

Ingekuwa rahisi kusema hapana, na ingekuwa uongo mwingine. “Kitakuja. Lakini si mwaka huu, wala si kwa ajili yako.”

Nilisikia kitanda kikilia alipojiinua.

“Siku ile nilidhani unaniahidi,” alisema. “Kumbe ulikuwa unabishana tu.”

Sijawahi kushindwa katika mjadala kwa sentensi fupi hivyo. Nilishika pazia kwa mkono, sikulifungua. Mama akamwambia Shadia atoe begi juu ya kabati, na kanga mbili, zile zisizo na rangi nyingi.


Kibondo, Jumatatu, 4 Mei

Tuliondoka Kasulu jana alfajiri. Basi limetufikisha hapa jioni limepakwa tope mpaka kwenye vioo. Mbele, kuelekea Kakonko, maji yamechukua karavati lililo chini ya barabara na malori yamejipanga. Dereva anasema kesho. Utingo anasema keshokutwa. Tuko nyumba ya wageni nyuma ya stendi.

Mama amesafiri na eda yake. Ameomba chumba kisicho na dirisha la mtaani, akafunika kioo cha ukutani kwa taulo, akaketi kitandani kama alivyoketi nyumbani miezi mitatu. Chumba kina upana wa hatua nne.


Kibondo, Jumanne, 5 Mei

Hatujaondoka. Watu wanaovuka kutoka Burundi wanapita stendi na magodoro vichwani. Mwanamke mmoja, Niyonsaba, amewekwa chumba cha pili na mama yake mzee. Mwenye nyumba hakuwadai. Wanazungumza na Shadia kwa Kiha chake kibovu na Kirundi chao, wanaelewana kabisa.

Mama alizimia kidogo saa tano, sekunde chache. Nilikuwa nimemshika. Hakuna mahali pa kukimbilia wala mtu wa kumwita, na hakuna ninachokijua chenye msaada wowote. Chini ya kidole changu moyo wake ulikuwa ukifanya kazi yake yote, ukitupa nguvu bure kila pigo, nguvu ambayo ingetosha kifaa chake mara laki moja, na sikuwa na njia ya kumrudishia hata chembe. Nilikuwa nimeisema hesabu hiyo barazani kama mzaha wa kupendeza. Leo niliishika mkononi.


Kibondo, Jumatano, 6 Mei

Nilikwenda kwa miguu mpaka kwenye karavati. Vijana walikuwa wakimwaga mawe. Nilivua viatu nikaingia kwenye mstari wa kupokezana, kutoka saa mbili hadi saa nane. Mtu wa mbele yangu, Bazilio, dereva wa lori la mihogo, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema nauza misumari. Akasema inaonekana kwenye mikono, sijazoea jiwe.

Saa tisa lori la kwanza lilipita. Basi letu likawa la sita.


Dar es Salaam, Ijumaa, 8 Mei

Tumefika. Mjomba Omary alitupokea na machela. Sikuweka sumaku leo; wana mashine yao. Fundi wa hospitali aliisoma betri na kuuliza tumetoka wapi. Nilipomjibu, akamwita mwenzake aje aione.


Jumanne, 12 Mei

Wamembadilishia. Upasuaji ulichukua saa moja na nusu. Yuko salama.


Alhamisi, 14 Mei

Mama amehamishiwa nyumbani kwa Mjomba, chumba cha uani, eda ikiendelea. Zimebaki siku kumi na nne. Anaswali amesimama. Daktari wa moyo, kijana ambaye hanizidi sana umri, alipita kumtazama jeraha kwa kuwa anakaa mtaa wa pili. Alisema betri hii itakwenda miaka tisa, pengine kumi.

Mama alikuwa ameegemea mito, uso una damu tena. Akaniashiria kwa kidevu.

“Daktari, huyu mwanangu mhandisi. Anakijua kifaa kisichokula betri, kinachokula mwendo wa moyo wenyewe. Twalibu, mweleze.”

Daktari aligeuka na kiti chake, macho yamechangamka. Akasema amesoma juu ya ule utando, yale majaribio ya ng’ombe, na angependa sana kusikia mhandisi anaonaje: tatizo ni uimara wake, au ni waya? Mwezi Machi ningempa jioni nzima. Mjomba Omary alisimama mlangoni na sinia ya kahawa, akingoja. Mama aliniangalia bila kupepesa, na sikuweza kujua kama ananijaribu au ananipa zawadi.

“Bado hakipo, daktari,” nikasema. “Sijui kinakwama wapi. Sijawahi kukigusa.”

Daktari alitikisa kichwa, akasema naye hajui, akanywa kahawa yake. Alipokwenda, Mama alinyoosha mkono wa kulia, ule usio na maumivu, akaukamata mkono wangu kwenye kifundo, kama ninavyomshika yeye. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Aliendelea mpaka dakika ikaisha.

“Wewe ni mzima,” alisema. “Duka ataliangalia Shadia. Usirudi Kasulu kukaa kunihesabu.”